Uzi: Chembe za nano na ugonjwa wa fizi, tuelewane kabla hujanunua

MenoNaFizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni daktari wa kinywa na meno na siuzi bidhaa yoyote. Siku hizi naulizwa sana kama ni kweli imetoka dawa ya nano inayoua vijidudu vya fizi, kiasi kwamba kukwanguliwa ugaga, yaani ule uchafu uliogandia kwenye meno, si lazima tena. Wengine wanakuja na kichupa mkononi, wamekinunua mtandaoni, na huku fizi zinatoa usaha. Nimeona nifungue uzi niandike ninachokijua kwa vipande. Mwenye swali aulize hapa hapa wengi wanufaike.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana usipouelewa hutaona kwa nini watafiti wanahangaika na vitu vidogo namna hiyo.

Fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki ni hatua ya mwanzo, na hatua hiyo inapona kabisa. Mwaka 1965, kule Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia usafi, fizi zilitulia ndani ya wiki moja hivi. Tangu hapo ubishi juu ya chanzo ulikwisha: ni utando wa bakteria unaojijenga juu ya jino.

Utando ukiachwa, kwa baadhi ya watu mambo yanaingia hatua ya pili. Mwili unapigana na bakteria, na katika kupigana huko unaula mfupa wake wenyewe unaoshika jino. Ufizi unaachana na jino, panabaki mfuko. Sisi tunaupima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Nakitelezesha taratibu kati ya jino na ufizi, nazunguka jino zima. Penye afya kinagota kwenye milimita 1 hadi 3. Kikizama 5, 6 au 7 na damu ikachuruzika nyuma yake, najua huko chini kuna sehemu ambayo mswaki haufiki na dawa ya kusukutua haifiki. Mgonjwa mara nyingi hasikii maumivu yoyote, ndiyo maana anakuja jino likiwa limeshaanza kucheza. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, linakadiria watu karibu bilioni 1 wana ugonjwa huu katika hali kali.

Huko chini ya mfuko wanakaa bakteria wasiopenda hewa. Watatu wanatajwa zaidi: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Hawaelei ovyo. Wamejijengea utando wa sukari na protini, wamekaa ndani yake kwa tabaka, wanalishana na kulindana.

Jambo hili lina historia ambayo mimi huipenda sana. Mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, alikwangua ule uchafu mweupe katikati ya meno yake mwaka 1683, akautazama kwa lenzi alizozichonga mwenyewe, akaona viumbe wadogo wakikimbiakimbia. Baadaye akawajaribu kwa siki. Akaandika kwamba siki iliwaua waliokuwa juu tu, haikupenya hadi ndani. Miaka zaidi ya 300 baadaye, tatizo letu ni lile lile. Bakteria aliye ndani ya utando anaweza kuhimili antibiotiki hata mara 1,000 ya kiasi kinachomuua akiwa peke yake kwenye maji.

Na kuna kikwazo cha pili ambacho watu wengi hawakijui. Mfuko wa fizi hautulii. Majimaji yanatoka kwenye tishu muda wote. Katika mfuko wa milimita 5 yanabadilishwa karibu mara 40 kwa saa. Ukiweka dawa mle ni sawa na kumwaga dawa kwenye mtaro unaotiririka. Dakika chache tu imeshasombwa kwenda kwenye mate, na mate unayameza.

Kwa hiyo dawa ya fizi inatakiwa ifike chini, ipenye utando, halafu ikae. Ukishika hayo, kila utakachosikia kuhusu nano utaweza kukipima mwenyewe.

MenoNaFizi

Kipande cha pili, nano yenyewe.

Tunaposema chembe za nano tunazungumzia vitu vya ukubwa wa nanometa 1 hadi 100. Bakteria wa kawaida ana nanometa kama 1,000. Unywele wa binadamu unafika kama 80,000. Chembe ndogo namna hiyo inaweza kupita kwenye vijia vya maji vilivyomo ndani ya utando.

Udogo una faida nyingine: gramu moja ya madini ikivunjwavunjwa kufikia nano, eneo la uso wake linaongezeka mno, na mapambano yote na bakteria hufanyika kwenye uso. Chukua madini ya fedha, yaani yale ya pete na mikufu. Chembe zake zinaachia ioni za fedha, yaani vijichembe vyenye chaji ya umeme, kidogo kidogo. Ioni hizo hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini za bakteria na kuzizuia zisifanye kazi, zinaharibu ngozi ya nje ya bakteria, na zinazalisha oksijeni kali inayounguza vilivyomo ndani. Oksaidi ya zinki na ya shaba hufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Kundi lingine halitegemei madini. Kuna kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Ina chaji chanya, uso wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo inamnasa. Kuna pia polima inayoyeyuka mwilini polepole, ile ile ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Hizi zinabebeshwa antibiotiki zikaiachie mle mfukoni kwa siku kadhaa. Na watafiti wengine wanatengeneza vibebeo vinavyofunguka pale tu vinapokutana na vimeng'enya vya Porphyromonas gingivalis. Hapa ndipo ninaposisimka kweli, kwa sababu dawa ingetoka palipo na adui na kuwaacha bakteria wema wa kinywa.

Wazo la kuacha dawa ikae mfukoni si geni. Marekani mwaka 1998 iliidhinisha kibanzi chenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kinachochomekwa kwenye mfuko na kuyeyuka kwa siku 7 hadi 10, pia jeli ya antibiotiki ya doksisaiklini. Mwaka 2001 zikafuata punje za antibiotiki nyingine, minosaiklini. Punje hizo ni kubwa kuliko nano, lakini ndizo zilizofungua njia. Na matokeo yake? Zikitumika pamoja na kukwangua, mfuko unapungua zaidi kidogo kuliko kukwangua peke yake, kwa sehemu ndogo ya milimita. Ni faida, lakini ndogo. Yeyote anayekuahidi nano itafanya muujiza, mkumbushe matokeo ya hawa watangulizi.

Kazi nyingi ya nano kwa fizi imefanyika kwenye sahani za maabara na kwa panya. Panya anafungwa uzi kwenye shingo ya jino, utando unajikusanya pale, mfupa unaanza kuliwa, ndipo jeli inajaribiwa. Majaribio kwa binadamu yapo, ila ni ya watu wachache na ya muda mfupi. Kinywa cha binadamu ni kigumu zaidi. Ioni za fedha zikikutana na chumvi ya mate zinagandamana. Chembe ikiingia kwenye majimaji ya mfuko huvikwa protini mara moja na tabia yake hubadilika. Kilichoua bakteria wote kwenye sahani kinaweza kupoa kabisa kikifika mdomoni.

Binti wa Pangani

Asante sana daktari kwa elimu hii. Shida yangu ni mama. Kuna mtu kamuuzia chupa ya maji ya silver, kaambiwa asukutue halafu ameze kijiko kimoja asubuhi na jioni, fizi zitakaza. Ameshaanza. Kweli damu imepungua kidogo. Nimwache aendelee?

MenoNaFizi

Dada, mwambie mama aache kumeza leo hii. Fedha ikiingia mwilini kwa muda mrefu hujilimbikiza kwenye ngozi, na ngozi inageuka rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Rangi hiyo haitoki hata akiacha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka tangu 1999 kwamba dawa za maji ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na ufanisi, kwa ugonjwa wowote ule.

Kuhusu damu kupungua, ukisukutua mara mbili kwa siku na kitu chochote kinachopunguza bakteria wa juu, uvimbe wa juu unashuka. Mfuko uko pale pale chini, unaendelea na kazi yake kimya. Huo ndio hatari zaidi kuliko fizi inayotoka damu, kwa sababu dalili iliyokuwa inamwonya imenyamazishwa. Mpeleke akapimwe. Na chupa yenyewe itazame kama ina namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania.

Kemia_Chuo

Mleta uzi nakuheshimu, ila nahisi umekuwa mkali kwa madini ya fedha. Brazil walitengeneza floridi yenye nano ya fedha, wakaipaka meno ya watoto shuleni, na meno yaliyooza yakasimama kuoza bila kugeuka meusi. Hiyo si sahani ya maabara, ni watoto halisi. Halafu kuna jambo kubwa zaidi: antibiotiki inagonga sehemu moja ya bakteria, fedha inagonga sehemu nyingi kwa mpigo. Bakteria hawezi kuizoea. Katika bara hili lenye usugu wa dawa unaotisha, huoni hilo ni hoja nzito?

MenoNaFizi

Kaka, umeleta hoja za maana, nami nazijibu kwa heshima.

La Brazil ni kweli. Chanzo chake ni dawa ya zamani ya fedha na floridi ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Inasimamisha jino kuoza kwa gharama ndogo sana bila kuchimba, ila inaacha weusi. Toleo la nano lilitafutwa ili kuondoa weusi huo. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini tundu la jino liko wazi: unalikausha kwa pamba, unapaka, unaona ulichopaka. Mfuko wa fizi umefichika, una maji, una damu, na ukuta wake mmoja ni tishu hai. Dawa inayoua bakteria inakaa juu ya seli zile zile tunazozitaka zishikamane tena na jino. Kwa chembe za fedha, nafasi kati ya kipimo kinachoua bakteria na kipimo kinachoumiza seli za ufizi ni finyu. Kwenye jino lililooza hilo si tatizo kubwa, kwenye fizi ndiyo tatizo lenyewe.

Kuhusu usugu, bakteria wanaweza kuizoea fedha. Mwaka 1975 ilichapishwa taarifa ya wodi ya majeraha ya moto mjini Boston, Marekani, ambako wagonjwa walikuwa wakipakwa dawa ya fedha. Salmonella iliyostahimili fedha ilienea pale, wagonjwa wakafariki, wodi ikafungwa. Baadaye wanasayansi walizitambua jeni zenyewe zinazoifukuza fedha nje ya seli, na zinabebwa kwenye kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ndiyo, fedha inagonga sehemu nyingi na usugu wake unachelewa. Ndiyo sababu inafaa tuitunze kwa ajili ya wenye majeraha ya moto, tusiimwage kwenye kila dawa ya meno.

Kemia_Chuo

Hilo la Boston sikuwa nalo. Je, chembe za chuma? Niliona kazi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

MenoNaFizi

Hiyo ni kazi ya Hyun Koo na wenzake, na ni nzuri sana. Walichukua chembe za oksaidi ya chuma ambazo tayari Marekani ilikuwa imeziidhinisha mwaka 2009 kuwatibu watu wenye upungufu wa madini ya chuma. Mwaka 2018 wakaonyesha kwamba zikikutana na haidrojeni peroksaidi kidogo ndani ya utando wenye asidi, zinafanya kazi kama kimeng'enya na kuulipua utando ule kwa oksijeni kali. Pasipo na asidi zinatulia, kwa hiyo haziunguzi ovyo.

Sasa tazama hapo kwenye asidi. Utando unaoozesha meno una asidi kwa sababu bakteria wake wanakula sukari. Mfuko wa fizi ni kinyume: bakteria wake wanakula protini, na majimaji yake hayana asidi, yanaelekea upande wa pili. Kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kiamke penye asidi hakitaamka vizuri kwenye mfuko. Habari za mtandaoni hupenda kuandika "nano yatibu magonjwa ya kinywa", zikachanganya jino kuoza na ugonjwa wa fizi kama kitu kimoja. Ni magonjwa mawili, bakteria tofauti, mazingira tofauti.

Mzee wa Mbozi

Vijana shikamooni wote mlionizidi, na wadogo marahaba. Mimi fizi zikivimba nanunua Flajili na amoksilini duka la dawa, siku tano zimetulia. Nimefanya hivyo miaka. Mnieleze nano itanisaidia nini zaidi.

MenoNaFizi

Shikamoo mzee wangu. Dawa hizo mbili zinatuliza uvimbe kwa sababu zinapunguza bakteria walioingia kwenye tishu. Utando na ugaga uliogandia kwenye mzizi haziugusi. Ndiyo maana uvimbe unarudi, na kila unaporudi mfupa unakuwa umepungua tena. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 wa kutibu ugonjwa huu unasema wazi antibiotiki za kumeza zisitumike kama kawaida, hata pale mgonjwa anapokwanguliwa, isipokuwa kwa wagonjwa wachache mahususi. Hao wachache anawateua daktari akiwa na vipimo mkononi.

Nano, kama itafanikiwa, itapunguza haja ya kumeza vidonge: kiasi kidogo sana cha dawa kingewekwa kwenye mfuko wenyewe, tumbo na mwili mzima visiguswe. Hiyo ndiyo faida ninayoitamani kwa mgonjwa kama wewe. Lakini hata hiyo jeli ya kesho, mzee, itawekwa baada ya ugaga kuondolewa. Ugaga ni mgumu kama jiwe na uso wake umejaa vishimo. Ukiuacha, utando mpya unapata makao siku hiyo hiyo. Una uvimbe sasa hivi? Kama kuna usaha, homa, au shavu limejaa, usisubiri majibu ya jukwaani, nenda hospitali.

Nyamweya_K

Daktari, niko Kisii. Hapa kwetu kuna dhana kwamba sisi Waafrika tuna fizi mbaya kuliko wazungu, ndiyo watu wazima hupoteza meno mapema. Ni ukweli? Maana ikiwa ni hivyo, hizi dawa za nano zinafaa kuletwa kwetu kwanza.

MenoNaFizi

Swali hili lilishafanyiwa kazi hapo hapo Kenya. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwapima watu wazima zaidi ya 1,000 vijijini Machakos, na taarifa zao zikatoka mwaka 1988. Utando na ugaga waliukuta karibu kwa kila mtu. Kwa dhana ya wakati ule, walitakiwa wakute mifuko mirefu kwa kila mtu pia. Hawakuikuta. Mifuko mirefu na mfupa ulioliwa sana vilikuwa vimejikusanya kwa watu wachache na kwenye meno machache. Na meno mengi yaliyong'olewa yaliondoka kwa sababu ya kuoza, si kwa sababu ya fizi. Baelum na wenzake walikuwa wameshaona picha inayofanana na hiyo Tanzania, wakachapisha mwaka 1986.

Ninaitaja kazi hii kila ninapopata nafasi kwa sababu ilibadilisha fikra za dunia nzima, na ilitoka kwetu. Maana yake kwa mada yetu ni kwamba ugonjwa mkali una watu wake. Mwili wa mtu, sigara, kisukari na urithi vina sauti kubwa. Dawa ghali ya nano haiwezi kuwa ya kila mtu mwenye ugaga; itakuwa ya yule mwenye mifuko iliyogoma baada ya kusafishwa vizuri. Na humjui ni nani mpaka umpime kwa kile kijiti cha milimita, ambacho hakina gharama kubwa.

Ummu Salim

Assalaam alaikum. Naandika kutoka Maskati. Sisi hapa mswaki wa mti hauondoki mdomoni. Kuna tangazo linazunguka la dawa ya "nano ya mswaki", wanasema ni ya asili kwa hiyo haina madhara. Unasemaje, daktari?

MenoNaFizi

Waalaykum salaam, mama. Kuna utafiti wa kweli nyuma ya maneno hayo. Watafiti, wengine huko huko Ghuba, wamechukua maji yaliyochemshwa na mswaki, Salvadora persica, wakayachanganya na chumvi ya fedha. Kemikali za mti zinageuza ioni za fedha kuwa chembe za nano na kuzivika ili zisigandamane. Ni njia safi ya kutengeneza kwa sababu haihitaji kemikali kali. Lakini kilichopatikana mwishoni ni chembe za fedha. Mti umesaidia kuzitengeneza; haujaziondolea tabia yake ya fedha. Neno "asili" kwenye lebo halikuambii chochote kuhusu kipimo wala usalama.

Mswaki wenyewe endelea nao. Shirika la Afya Duniani tangu 1987 linauhimiza pale ulipo desturi ya watu. Tafuna ncha mpaka nyuzi zilainike, zipitishe taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na usisahau upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele. Hapo ndipo ugaga huanza kwa watu wengi, kwa sababu mate yenye madini yanatokea chini ya ulimi.

Mjukuu wa Chifu

Baba ana kisukari, fizi zinatoka damu na meno mawili yanacheza. Niko tayari kuagiza hata nje kama kuna dawa ya nano itakayomsaidia. Pesa si tatizo kwa hili.

MenoNaFizi

Ndugu, upendo wako kwa mzee nauona. Basi niruhusu nikuelekeze pesa hiyo pa kwenda.

Kisukari na ugonjwa wa fizi vinachocheana. Sukari ikiwa juu fizi zinaharibika haraka. Fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu sukari inakuwa ngumu kushuka. Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kutibu fizi kwa kusafisha chini ya ufizi hupunguza kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa wastani wa asilimia 0.43 ndani ya miezi 3 hadi 4. Kwa daktari wa kisukari hicho si kidogo, kinakaribia kinachopatikana kwa kuongeza kidonge. Na kimepatikana kwa vifaa vya kawaida vya kukwangulia, bila nano yoyote.

Mpeleke kwa daktari wa meno, ikiwezekana bingwa wa fizi. Dar, Muhimbili wapo. Nairobi, chuo kikuu kina kitengo chake. Aende na kadi ya kisukari na orodha ya dawa zake zote. Meno mawili yanayocheza yasing'olewe kwa haraka kabla hayajapigwa picha. Mengine yanakaza uvimbe ukiisha.

Fundi Baiskeli

Daktari swali la haraka. Dawa ya meno imeandikwa "nano" kwenye boksi. Ni hiyo hiyo?

MenoNaFizi

Mara nyingi hapana. Nyingi zina nano ya madini yale yale ya jino, haidroksiapataiti. Japani waliitambua kama kinga ya meno kuoza tangu 1993. Inasaidia tabaka la nje la jino na meno yanayouma na baridi. Haiui bakteria wa mfukoni. Kama lebo imetaja fedha, zinki au titani, soma kwa makini zaidi. Titani ya rangi nyeupe Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vyakula mwaka 2022 baada ya wataalamu wake kusema hawawezi tena kuihesabu kuwa salama kuliwa.

Binti wa Pangani

Daktari nimerudi. Mama ameacha ile chupa, ila anaogopa kukwanguliwa. Jirani kamwambia ukikwangua meno yanalegea na yanaanza kuuma na baridi. Nimjibu nini?

MenoNaFizi

Hofu hiyo ina msingi, usimbeze. Ugaga mwingi huwa umeyashika meno pamoja kama boriti. Ukiondolewa, jino lililokuwa limeshalegea linaonekana kulegea, na penye ugaga panaonekana pengo. Ufizi uliovimba ukinywea, sehemu ya mzizi inabaki wazi, ndiyo maana baridi inauma wiki za mwanzo. Mfupa haujaondolewa na daktari. Uliondoka kabla, kimya kimya. Maumivu hayo ya baridi hupungua kwa dawa ya meno ya floridi na muda.

Mwambie aombe ganzi ya sindano kama mifuko ni mirefu, ni haki yake. Kabla hajakaa kitini aombe apimwe kila jino na namba ziandikwe. Baada ya kusafishwa arudi miezi kama mitatu baadaye apimwe tena na kijiti kile kile. Mifuko mingi ya milimita 5 itakuwa imeshuka hadi 3 au 4 na damu imekatika. Ule utakaobaki 6 au 7 huku unatoka damu ndio wa kujadili upasuaji mdogo au dawa ya kuwekwa mfukoni. Mkipata namba za mara ya kwanza na za mara ya pili, zileteni hapa nizisome nanyi.